Bwawa Lililopanda Berchem

Hapa Buyenzi, mtaani Bujumbura, kwenye benchi la kahawa, nikisema kwamba nilikaa Bruxelles miaka ishirini na sita nikifunga mabwawa ya kuogelea, lazima mmoja aulize kama kule maji yanaibwa. Kwao kufunga ni kufuli. Nawaeleza kwamba kuna miezi ambayo maji ya uani huwa magumu kama sakafu, paka akapita juu yake kwenda kwa jirani bila kulowesha kucha. Wananitazama kwa heshima anayopewa mtu aliyejenga nyumba ya matofali ya kuchoma, lakini hawaniamini. Sina ugomvi nao. Mimi mwenyewe nilipofika Ulaya niliiamini baridi kwa kichwa tu. Mikono ilikuwa bado haijaamini, na hilo liliniponza, kama mtakavyosoma.

Naandika haya kwa ajili yenu mliobaki karakanani, wewe Clarisse na wote mnaoniita Tonton Rama kana kwamba ni mjomba wenu. Mliniomba niache maandishi kabla sijasahau. Mimi sisahau, lakini ombi ni la adabu. Habari za mshahara na vyeo nitaziruka, maana hazijawahi kumfundisha mtu kuziba bomba. Nitaandika kazi. Na ndani yake nitasahihisha jambo moja ambalo nyote mmelijua vibaya kwa sababu mimi nilinyamaza.

Kwanza sifa zangu, kwa kuwa nisipozisema mimi hakuna atakayezisema kwa mpangilio mzuri. Upande wote wa magharibi wa mji, Jette, Berchem, mpaka kule nyumba zinapoanza kuwa na farasi, hakuna bomba nililolifunga mimi likapasuka kwa barafu. Hata moja. Fungueni mafaili.

Nilifika Ubelgiji nikiwa na diploma ya A2, yaani ya sekondari, ya ufundi wa mitambo niliyoipata Bujumbura, imefungwa ndani ya mifuko miwili ya plastiki. Nguo zililowa njiani, diploma haikulowa. Wakaniambia ni karatasi nzuri ila haitambuliki. Basi nikapiga deki katika hospitali ya Jette miaka miwili, na jioni nikasomea mabomba na usafishaji wa maji mpaka nikapata diploma ya pili. Darasani nilikuwa wa pili. Wa kwanza alikuwa mtoto wa fundi bomba na mjukuu wa fundi bomba, kwa hiyo huyo simhesabu.

Siku ya kwanza karakanani nilivaa tai. Patron, mwenye karakana, akanikabidhi kwa Papa Kizito, akarudi kwenye simu yake. Papa Kizito alikuwa mtu wa Bukavu, mpana wa mabega, mwimbaji wa sauti nzito katika kwaya ya kanisa lake, na ndiye aliyekuwa akifunga mabwawa yote ya upande ule. Nikampa diploma zangu zote mbili. Akafuta mikono, akazisoma mpaka kwenye mihuri, akanirudishia.

“Iko muzuri,” akasema. “Uziweke mbele mu kamioneti, juu ya kiti. Nyuma kuko maji.”

Hiyo ndiyo sherehe niliyofanyiwa. Tai niliivua kabla ya saa nne.

Kwa ambaye hajawahi kufanya kazi hii, iko hivi. Bwawa halifungwi mapema. Unatumbukiza kipimajoto chenye uzi, na maji yasiposhuka chini ya nyuzi kumi na mbili unarudi nyumbani, hata mteja akikununia. Ukifunika maji yenye uvuguvugu, unaandaa supu ya kijani ya mwezi wa nne, siku ya kulifungua. Yakishapoa, unasugua kuta, unavuta uchafu wa chini, unasafisha mchanga wa chujio, unatia dawa ya majira ya baridi. Kisha unashusha maji mpaka chini kidogo ya midomo ya pembeni, ile inayomeza majani na ile inayotema maji safi. Unapuliza mabomba kwa kompresa mpaka tone la mwisho litoke, unaziba kila mdomo kwa kizibo cha mpira, unafungua tumbo la pampu limwage kilichomo. Mwisho unafunika kwa turubai. Mtu mvivu huimaliza kazi hiyo kwa nusu siku. Mimi nilihitaji siku nzima, lakini mvivu ndiye aliyeitwa tena mwezi wa nne kurekebisha.

Kabla ya turubai kuna jambo lililotufanya tujulikane. Barafu ikivimba hutafuta wa kumbana, na isipompata hubana ukuta. Kwa hiyo unaipa kitu laini cha kubana. Madukani wanauza vyelezo maalumu, vyeupe, vimepangwa kama shanga. Papa Kizito hakuvitaka. Alitumia bidoni za mafuta ya kupikia, zile dumu za manjano, kila moja na konzi mbili za kokoto ndani ili nusu yake izame, zimefungwa kwa kamba moja kutoka pembe mpaka pembe. Mimi ndiye niliyeleta bidoni. Mke wangu Zaituni na wenzake wa mtaani kwetu, Molenbeek, hukaanga sambusa za mwezi wa Ramadhani kama vile wanalisha jeshi, na kila bidoni iliyokwisha ilikuwa na jina langu. Mteja mmoja, mwanasheria, aliuliza kwa nini bwawa lake limejaa maandishi ya mafuta ya alizeti. Nikamwambia ni teknolojia ya Burundi. Ilikuwa kweli nusu. Nusu nyingine ilikuwa ya Bukavu.

Papa Kizito alifundisha kwa mikono. Alikuonyesha mara moja, akakuachia, akaimba. Ukimuuliza sababu alijibu, “Fanya, utaona.” Mimi, mtu wa diploma, nilitaka sababu. Nilikuwa nikiziandika kwenye daftari, na asiponipa nilijitungia. Hapo ndipo ubaya ulipoingilia.

Ilikuwa wiki yangu ya tatu ya majira yangu ya kwanza. Tulikwenda kufunga bwawa la Monsieur Armand na Madame Lucienne, Berchem, nyuma ya zile nyumba za matofali mekundu zinazofanana zote. Monsieur Armand alikuwa fundi wa tramu aliyestaafu. Shimo la bwawa alilichimba mwenyewe kiangazi kimoja kizima, kisha likashushwa humo bwawa la plastiki ngumu, kipande kimoja, kama sahani kubwa ya samawati. Hakulichimba kwa anasa. Madame Lucienne nyonga zake zilikuwa zimekwisha. Moja ilikuwa imeshabadilishwa hospitali, ya pili ilikuwa ikingoja zamu, na mahali pekee duniani alipoweza kutembea bila maumivu palikuwa ndani ya maji yale, kuanzia mwezi wa tano hadi mwezi wa tisa. Alituambia hayo akitupimia kahawa, bila kujihurumia, kama mtu anayeeleza basi lake linapita saa ngapi.

Asubuhi ile Papa Kizito alikuwa na jino linalouma. Shavu lilikuwa limevimba hata nyimbo za kwaya hazikuimbika. Alinishusha na vyombo, akaniambia anakwenda kung'olewa, nianze peke yangu.

“Unashusha maji mupaka kiganja kimoja chini ya midomo,” akasema kwa upande mmoja wa kinywa. “Apo unasimama.”

Hakusema kwa nini. Nami nikabaki nimesimama ukingoni na daftari langu.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana kosa hili asingelifanya Mbelgiji. Kwetu mama alikuwa na sheria moja ya maji: chombo ambacho hutakitumia kesho, kimwage, kioshe, kifudikize. Maji yaliyolala ni nyumba ya mbu, na mbu ni homa. Tukisafiri kwenda Rumonge kwa shangazi, hata kwa siku mbili, pipa la uani lilimwagwa na kulazwa ubavu, na aliyesahau alikumbushwa kwa fimbo. Nimekua hivyo. Halafu naambiwa niyaache maji yajazayo chumba kizima yalale miezi sita chini ya turubai, kwenye ua wa mama mgonjwa. Niliona ni uchafu. Na diploma nayo ikaniunga mkono: maji yakiganda huvimba, yakivimba hupasua. Kama kushusha kidogo kunalinda mabomba, kushusha yote kutalinda kila kitu. Pasipo maji barafu itatoka wapi?

Ilikuwa hoja safi. Mpaka leo nikiisoma kwenye daftari naona ni safi.

Nikatumbukiza pampu ya kuzamisha, nikaelekeza mpira kwenye mtaro. Saa tatu baadaye bwawa lilikuwa tupu. Nikashuka ndani bila viatu, nikalisugua, nikalipangusa kwa sponji mpaka likang'aa kama sinia baada ya wageni. Monsieur Armand akaja na kofia yake, akachungulia, akauliza kama ndivyo inavyofanywa siku hizi. Nikamwambia nina diploma mbili.

Mvua ilinyesha usiku kucha. Mnaijua mvua ya Bruxelles, haipigi kelele, inasaini tu kuingia kazini, haisaini kutoka. Asubuhi simu ya karakana ililia, nami ndiye niliyeipokea. Alikuwa Madame Lucienne. Hakupaza sauti. Alisema alikuwa jikoni akichemsha kahawa, akatazama dirishani, na ngazi ya bwawa ilikuwa imezidi mawaridi yake kwa kimo. Akasema, “Bwana, nadhani bwawa langu linatoka.”

Papa Kizito alikuwa ameketi kwenye ndoo iliyofudikizwa, pamba mdomoni. Nikamweleza. Njia nzima mpaka Berchem hakuimba.

Ilikuwa kweli. Upande wa jirani ukingo ulikuwa umeinuka kiasi cha goti, upande wa nyumba kiasi cha kiganja. Vigae vya kandokando vilikuwa vimelala chali. Bwawa zima limeegama kwenye bustani kama mtu anayetaka kuamka kitandani na mgongo unamkatalia. Monsieur Armand alisimama mvuani. Hakuwa na kofia.

Papa Kizito akalizunguka mara moja, akachungulia ndani, akanigeukia.

“Rama.”

“Naam, Papa.”

“Ulitoa maji yote?”

“Yote, Papa. Na nililipangusa.”

Akafumba macho. “Alipangusa,” akamwambia Monsieur Armand kwa Kifaransa, kama daktari anayesoma majibu.

Halafu, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akanipa sababu. Alivuta kifuniko cha bomba jembamba lililosimama ardhini pembeni mwa bwawa, ambalo mimi nililidhania ni la kupitishia waya, akaniambia nichungulie. Ndani maji yalikuwa yamejaa karibu na juu.

“Pisini njo mutumbwi,” akasema, akiligonga bwawa kwa kiganja. “Iyi maji iko chini ya udongo, siku yote, iko inasukuma. Maji ya ndani njo inakamataka mutumbwi chini. Weye umeshusha muzigo yote, kiisha unashangaa mutumbwi inaelea? Diploma inasema nini juu ya ile?”

Diploma haikuwa imesema kitu. Walitufundisha maji yanayotoka kwenye mabomba. Ya ardhini hawakuyagusa.

Monsieur Armand alitaka kumpigia Patron. Alisema atamleta mtu mwenye mashine ya kijiko, ang'oe takataka hii, ajaze udongo, apande viazi, kwani amechoka na umri wake haumruhusu kuchimba mara ya pili. Alisema bila kututazama. Kazi yangu niliiona ikienda, na tai yangu ikienda nayo, lakini wallahi hilo halikuniuma kama alipotoka Madame Lucienne na fimbo zake mbili, polepole kwenye nyasi zenye tope, akasimama kwenye ukingo ulioinuka na kuuliza kitu kimoja tu: mwezi wa tano ataingia au hataingia?

Papa Kizito alimjibu kwamba hajui. Atajua mwezi wa nne.

Tukaanza. Kwenye lile bomba jembamba tulishusha pampu ndogo inyonye maji ya ardhini ili yaliyo chini ya bwawa yapate njia ya kuondoka. Ndani tukaelekeza mpira wa bustani wa Monsieur Armand, na wa jirani wa kulia, na wa jirani wa kushoto uliopitishwa juu ya ua na mzee ambaye, nilikuja kuambiwa, hakuwa amesemezana na Armand tangu ugomvi wa mti fulani. Maji yakaanza kurudi ndani, yale niliyoyafukuza jana. Papa Kizito alinipa pima maji yake, ubao mrefu wenye kichupa katikati na tone la hewa ndani, akaniamuru nikae ukingoni na nisitoke. Ikiwa upande mmoja unashuka haraka kuliko mwingine, nipige kelele, wafunge mipira, wangoje.

Nilikaa pale kuanzia saa tatu asubuhi mpaka giza lilipoingia. Nilitazama lile tone la hewa kuliko nilivyowahi kumtazama mwalimu yeyote. Mvua iliponyesha nililikinga kwa daftari langu, na wino wote ukatoka, isipokuwa ukurasa mmoja, ule wa hoja yangu safi. Mchana Madame Lucienne alinitumia mkate wenye jibini, akaniuliza kama nakula jibini. Nikala. Bwawa likashuka kwa milio midogo, kama tumbo la mtu mwenye njaa. Jioni lilikuwa limerudi kitako mahali pake, upande wa nyumba sawasawa. Upande wa jirani likakataa. Changarawe ilikuwa imejipenyeza chini. Lilibaki limeinuka vidole viwili.

“Bon,” Papa Kizito akasema, akaweka vidole vyake pale. “Ile haitashuka tena. Utaiona mupaka utazeeka.”

Kwenye karatasi ya bwawa aliandika maneno machache kwa Kifaransa: limepanda, limeshushwa, limekaa. Chini yake kuna mahali pa kuandika sababu. Alinitazama, akapachika kalamu sikioni, akapaacha patupu. Sikumuomba afanye hivyo, wala sikumkataza. Patron alipouliza, Papa Kizito alisema Berchem kuna maji mengi chini, jambo ambalo ni kweli mpaka leo.

Majira yale ya baridi yalikuwa ya kweli, si haya ya siku hizi ya kubahatisha. Kila Jumapili nilipanda basi kutoka Molenbeek mpaka Berchem, nikafunua pembe ya turubai, nikapima maji kwa rula kutoka kwenye alama niliyoichora kwa kalamu ya nta. Yakipungua, bwawa lina ufa, na barafu itaumalizia. Zaituni alidhani nina mwanamke huko. Nikampeleka Jumapili moja akaone. Akasimama kwenye theluji na mtandio wake, akatazama bidoni zake za mafuta zimebanwa na barafu mpaka zimekuwa bapa kama chapati, akasema afadhali angekuwa mwanamke, angekuwa yuko ndani penye joto.

Kwenye rula maji hayakushuka. Mwezi wa nne tulifungua. Tukatoa bidoni zilizokufa kwa heshima zote, tukajaza, tukawasha pampu. Hakuna ufa. Mwezi wa tano Madame Lucienne alitualika. Aliacha fimbo ukingoni, akashuka ngazi hatua kwa hatua, na maji yalipomfika kifuani akaanza kutembea. Alitembea mpaka upande wa jirani na kurudi kama msichana anayekwenda dukani. Na kwa kuwa maji hayajui kudanganya, kila mtu aliona: upande wa nyumba yalifika kwenye mstari wa vigae, upande wa jirani yalibaki vidole viwili chini yake. Lililopinda ni bwawa, maji yalikuwa yamenyooka.

Monsieur Armand akamwambia Papa Kizito kwamba mwaka huu aje kufunga yeye mwenyewe, asimlete huyu. Madame Lucienne akamjibu akiwa majini.

“Aje huyu,” akasema. “Wengine wanalijua bwawa langu. Huyu analiogopa.”

Nimelifunga mara ishirini na tano. Katika miaka hiyo nimefanya makubwa, nimefunga mabwawa ya marumaru, mabwawa yenye taa, moja lililo chini ya kioo, nimeitwa mpaka na kampuni nyingine kuamua mabishano. Papa Kizito alistaafu, yuko Molenbeek, anaimba bado, jino lile halijamsamehe. Aliniachia pima maji. Nami kila vuli nikifika Berchem, kabla ya kushusha kipimajoto, niliweka vidole viwili kwenye ukuta wa upande wa jirani. Vilienea sawasawa. Huo ndio mtihani pekee niliorudia mara ishirini na tano bila kuwa wa pili.

Karakanani nyote mkakua mkijua kwamba lile bwawa limepinda kwa sababu ya udongo wa mfinyanzi. Sijui nani alianzisha. Najua nani hakuikanusha.

Vuli iliyopita ilikuwa yangu ya mwisho. Monsieur Armand ameshafariki. Madame Lucienne yuko peke yake, ana nyonga mbili za chuma na miaka mingi juu yake, na mwanawe anataka kulijaza bwawa udongo, apate nafasi ya kuegesha gari. Mama yule alimwambia mwanawe ataamua akimwona mtu atakayekuja baada yangu. Nikamleta Clarisse, binti wa Goma, ambaye ana diploma kubwa kuliko zangu zote mbili nikizibandika pamoja. Nasema hivyo mara moja, sitarudia.

Clarisse alikuja amejitayarisha. Alikuwa amesoma faili lote kwenye gari. Akazunguka bwawa, akaweka kifaa chake cha kupimia usawa kwa mwanga mwekundu, akasoma namba.

“Tonton,” akasema, “iyi udongo imeshakaa, imepita miaka makumi mbili na tano. Vuli iko kavu. Mais juu ya nini tusitoe maji yote? Tuinyooshe mara moja, iishe, on n'en parle plus. Nimepiga hesabu.”

Alinionyesha hesabu. Ilikuwa safi. Nilihisi mvua ya usiku ule ikiniingia kwenye kola.

Madame Lucienne alikuwa kwenye kiti chake karibu na mlango wa jikoni, blanketi miguuni, akinitazama. Alijua. Alikuwa ameijua hadithi yote miaka yote, na hakuwahi kuisema mbele ya mtu. Sasa naye alingoja, na kwa alivyoshika mkono wa kiti niliona kinachongojewa. Nikinyamaza, bwawa lake litakabidhiwa kwa mtu ambaye faili limemdanganya.

Nikafungua kifuniko cha bomba jembamba. “Chungulia,” nikamwambia Clarisse. Alipoona maji, nikamweleza, kwa Kifaransa ili mwenye bwawa asikie: jino, daftari, sheria ya mama, sponji. Nilipofika kwenye sponji, Madame Lucienne alicheka mpaka blanketi likaanguka. Clarisse hakucheka kwanza. Alikuwa akilitazama lile bomba.

“Ulipangusa, Tonton,” akasema mwishowe.

“Nilipangusa.”

“Na ile diploma yako mbili.”

“Mbili zote.”

Akaikunja hesabu yake, akaitia mfukoni. Kisha akapiga magoti ukingoni, akaweka kiganja chini ya mdomo wa kwanza, akachora alama kwa kalamu ya nta, akaenda mdomo wa pili, akarudi kupima tena wa kwanza. Maji yalipofika kwenye alama alizima pampu, halafu akachomoa na waya wake kwenye umeme, kisha akaketi akalitazama bwawa kama linaweza kuondoka. Madame Lucienne akamwita mwanawe kwenye simu, akamwambia gari lake alitafutie mahali pengine.

Jioni, karakanani, nikachukua ile karatasi ya zamani kwenye faili. Imekuwa ya manjano, mwandiko wa Papa Kizito bado mweusi. Mahali pa sababu pamekaa patupu miaka yote ile. Nikaandika kwa wino, herufi kubwa, kwa Kifaransa kisichokosewa: fundi Ramadhani, A2, alilimwaga lote, akalipangusa.

Clarisse alisoma juu ya bega langu. Akauliza kama hiyo A2 ilikuwa lazima.

Nikamwambia iwepo.